Akiba Isiyopigwa Msumari

Mume wangu husema alidhani anaoa mke, kumbe ameoa ghala. Simlaumu. Nina cherehani yenye miaka mitatu ndani ya sanduku lake, nina masufuria mapya yaliyofungwa kamba juu ya kabati, na kiwanja chetu hapa Kasulu mjini kimejaa matofali ya kuchoma yaliyoota majani kwa kungoja. Nikipata kitu cha maana, jambo la kwanza ninalofanya ni kukifunga. Siku moja walikuja watu wa benki kutufundisha kuweka fedha. Nilikaa mstari wa mbele, nikaandika kila walichosema, kisha nikapita dukani nikanunua kamba nyingine. Sijisifu kwa hilo. Nasema tu kwamba elimu ya fedha mtu huipata kwa mama yake kabla hajajua kuhesabu, na wanaokuja baadaye na makaratasi wanakuta nafasi imeshakaliwa.

Mama yangu alikuwa na sheria moja tu: akiba ni kile mnachoweza kukibeba.

Tulikaa kijiji kimoja upande wa Titye, watu wanne: baba, mama, mimi na mdogo wangu. Wazazi wangu walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, wakiwa watoto, kila mmoja na ukoo wake. Walikulia hapa, wakaoana hapa, wakatuzaa hapa. Nyumbani tulisema Kiha na Kirundi bila kujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi, shuleni tulisema Kiswahili, na shambani tulinyamaza, maana mama hakupenda mtu anayelima kwa mdomo.

Tulilima maharage. Kila msimu, baada ya kuweka mbegu na ya kula, mama alipeleka yaliyobaki Kasulu, akarudi na mabati mawili. Si fedha, si mbuzi, si kitenge. Mabati. Alikuwa akinunua kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye asili ya pwani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kila mara alimtania kwa kumuuliza kama anayafuga, maana hakuwahi kununua msumari hata mmoja. Mama alicheka akijiziba mdomo, akalipa, akaondoka. Mabati yaliingia nyumbani jioni, yamezungushiwa mkeka, ili jirani adhani ni mkeka.

Ndani yalilazwa chini, juu ya mawe, yakitenganishwa na majani makavu ya mgomba yasije yakaota ukungu mweupe. Juu ya mabati magunia, juu ya magunia jamvi, juu ya jamvi sisi watoto. Na juu yetu sote paa la nyasi lililovuja. Naomba msomaji alipate hili vizuri, kwa sababu mimi mpaka leo likinijia napandwa na hasira: tulilalia mabati na tukanyeshewa. Mvua za nyanda hizi zikianza hazina aibu, na usiku mzima tulikuwa tunahamisha sufuria kukinga matone, na kila ukijigeuza mabati yanaguna chini yako. Shuleni waliniita mtoto wa kibanda. Nilikatazwa kujibu. Siri ya mama ilikuwa nzito kuliko aibu yangu.

Baba alitaka kuezeka. Nyumba yetu ilikuwa ndogo, ya mabati ishirini, na kila mwaka alipiga hesabu akaona tunakaribia. Asichokijua mwanzoni ni kwamba kwa mama hapakuwa na ishirini. Kiasi cha akiba yetu kilipangwa na shingo zetu. Baiskeli ya baba ingebeba kumi, yeye akiisukuma. Mama mwenyewe manne. Nilipofika miaka kumi alinisimamisha uani, akaniwekea bati kichwani, akanitembeza hadi kwenye migomba na kurudi, kisha akaniongezea la pili. Sikulidondosha. Msimu ule yakanunuliwa mawili yangu. Mdogo wangu naye alipojaribiwa akaweza moja. Yakawa kumi na saba, na kwenye kumi na saba mama akasimama. Msimu uliofuata maharage yalipata bei nzuri kuliko miaka yote, maana kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa imejaa watu na watu wanakula. Baba akasema tumalizie matatu. Mama akamuuliza nani atayabeba.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama yangu nyoka wake alikuwa paa. Alinisimulia mara moja tu, tukichambua maharage, bila kuinua macho. Babu yangu, baba yake, alikuwa ameuza kahawa ya misimu miwili akaezeka nyumba yake kwa vigae vya udongo, vile vyekundu wanavyoita amategura. Haikupita muda vurugu zikafika. Walikimbia usiku, wakafika kwenye mabonde ya mto, na babu akasema anarudi mara moja kufunga nyumba, kwa sababu mtu haachi paa kama lile wazi. Wakamsubiri hadi kulipopambazuka, kisha bibi akavuka na watoto. Mama alikuwa na miaka kumi. Alisema watu wengine walivuka na noti za kwao wakakuta haziwanunulii hata muhogo, wengine walinyang'anywa ng'ombe njiani, lakini mwanamume mmoja alivuka na mabati manne kichwani, na yule ndiye aliyekula wiki ile. "Ukishalipigilia bati si lako tena," aliniambia. "Ni la ukuta. Na ukuta hauendi popote."

Nilimhurumia siku ile. Mvua iliporudi, huruma ikaisha.

Nilikuwa darasa la sita lilipokuja tangazo. Miaka ile wakimbizi wapya walikuwa wengi, Kibondo na Kasulu kote, na ikasemwa kwamba wageni wote wanaoishi vijijini watakusanywa wapelekwe kambini. Kila kijiji kitoe orodha: nani mkazi, nani mgeni. Malori yatapita. Karatasi za maana hatukuwa nazo. Tulikuwa na mashamba, makaburi mawili, na jinsi watu walivyotuzoea, na ghafla hapakuwa na mtu aliyejua kama vitu hivyo vinatosha. Mwalimu wangu aliacha kuniuliza maswali darasani. Sijui kama alinionea huruma au alikuwa ameanza kunizoea kama mtu asiyekuwepo.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja mchana wa Jumatano na daftari, na mgambo wawili nyuma yake. Alikuwa Muha wa pale pale, mtu mzima, na tulimjua. Baba yake ndiye aliyempa bibi yangu kipande cha kulima walipofika. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililoniogopesha, maana hakukaa kwenye kigoda alichoketishwa wala hakumtazama mama usoni. Alizunguka nyumba. Akatazama paa, akatazama baiskeli, ambayo ilikuwa imepakwa grisi na kufungwa kamba mpya kwenye keria kama ya mtu anayesafiri kesho. Mgambo mmoja akasema kwa sauti kwamba hawa mguu wao uko njiani, kila mtu anaujua.

Baba alianza kueleza habari za mashamba. Mwenyekiti akamkatiza kwa upole. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Jembe tuliwapa, na mmelima, sikatai. Lakini tangu mzee wangu yuko hai mpaka leo, kwenye nyumba hii sijasikia nyundo. Nikiulizwa huko juu kama hawa ni watu wa kukaa, niwaonyeshe nini? Nyasi?" Kisha akasema anapita mitaa mingine, kesho saa sita atapita kwetu kufunga orodha. Hakusema tufanye nini. Sasa hivi naamini alikuwa amesema kila alichoweza kusema mbele ya wale wawili.

Walipopotea migombani baba alimgeukia mama. Sikuwahi kumsikia akimpandishia sauti, na siku ile pia hakupandisha. Alisema mabati yatolewe.

"Oya," mama alisema. Hapana.

Yaliyofuata sijawahi kuyasahau, kwa sababu wote wawili walikuwa na haki. Mama alisema malori yakija, kambini tutaanza na nini, turubai na foleni? Alisema bati likitobolewa bei yake inakatika nusu, na njiani halina mnunuzi kabisa. Alisema tuondoke leo, tupande huko Kibondo kwa ndugu, kila mtu na mzigo wake, ndiyo sababu mizigo ipo. Baba akamwambia kwamba Kibondo nako kuna orodha. Akasema ni kwa sababu ya mizigo hiyo tumekuwa wageni miaka yote. Kwamba amelala na mke wake juu ya safari kwa miaka kumi na mitatu na leo safari yenyewe imekuja kuwachukua. Mama akaketi chini mlangoni, miguu imenyooshwa, akaziba njia.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na nilifanya jambo ambalo mtoto wa kwetu hafanyi. Nilimruka mama yangu. Nilivuka miguu yake nikaingia ndani, nikavuta jamvi, nikavuta magunia, nikatoka na bati la kwanza likikwaruza kizingiti mbele ya majirani wote waliokuwa na macho. Nikasubiri kofi. Mama alilitazama lile bati juani. Lilikuwa na madoa meupe ya majani, lakini liling'aa hata hivyo. Hakunipiga. Akajisogeza pembeni, kidogo tu, kiasi cha bati kupita.

Ndipo tukagundua kwamba nyumba yenye mabati kumi na saba haina msumari hata mmoja. Baba akanituma mbio kwenye maduka ya Titye na fedha yote iliyokuwepo, na mwenye duka alipopima misumari ya bati, ile yenye kofia, aliniuliza tunajenga nini siku kama hizi. Nikamwambia nyumba. Akaongeza konzi moja bila kulipisha. Niliporudi nikakuta baba ameshaezua nusu ya nyasi, na pale uani zimelala nguzo na papi za mkaratusi, mbao za kupigilia bati, zilizonyooka, zilizokauka vizuri. Miaka yote zilikuwa nyuma ya banda la mbuzi, akituambia ni za kukarabati zizi. Kumbe baba naye alikuwa na akiba yake ya siri. Watu wawili wamelala kitanda kimoja, huyu anaweka ya kuondokea, yule anaweka ya kukaa, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Tulifanya kazi mpaka giza likatuondoa juu. Mvua ilitukuta nyumba ikiwa wazi kama kikapu, na debe la mahindi likalowa, na mdogo wangu alilia mpaka akalala kwenye banda la mbuzi. Mama hakusaidia wala hakuzuia. Kulipopambazuka tukaendelea. Baba alipigilia, mimi nikapokeza, na papi zililowa zikateleza hivi kwamba mara mbili nilimwona anakwenda na mara mbili akashika. Kila nyundo ilipogonga niliona mabega ya mama yakishtuka pale chini. Saa tano upande wa barabarani ulikuwa umekamilika, mabati kumi. Upande wa nyuma ukapata saba. Nafasi ya matatu ikabaki nyasi, na kofia ya mgongoni, lile bati la kufunika kilele, hatukuwa nayo, tukaweka mkeka na mawe.

Saa sita wakaja. Mwenyekiti alisimama mbali kidogo akalitazama paa kwa muda, na nikaona uso wake umelegea. Nikadhani tumepona. Ndipo yule mgambo wa jana akasema neno ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria. Jana nyasi, leo mabati kumi na saba. Mtu wa kibanda anayapata wapi kwa usiku mmoja? Haya yametoka kambini. Haya ni ya wizi.

Risiti hazikuwepo, mama hakujua kusoma na karatasi za dukani aliwashia moto. Mwenyekiti akauliza, taratibu, mabati yametoka wapi. Baba akajibu kwamba yamenunuliwa kidogo kidogo, ya kujengea, tulikuwa tunayakusanya chini ya jamvi la watoto mpaka yatoshe. Jibu lilikuwa zuri. Mgambo akacheka. Mtu anayekusanya ya kujengea, alisema, hayafichi chini ya watoto wake wakinyeshewa.

Mama akasimama. Alikuwa mfupi, na matope yalikuwa yamemkaukia kwenye kanga. Alinyoosha mkono kuelekea paa akaanza kutoka kushoto. Haya mawili ya mwanzo, yenye madoa, ni ya maharage ya mwaka niliomzaa huyu binti. Yale mawili ni ya mwaka wa jua kali, ndiyo maana ni membamba, nilipata ya bei ndogo. Akaenda hivyo hivyo, msimu kwa msimu, akizunguka hadi upande wa nyuma, watu wa barabarani wakisimama kusikiliza, na kila bati alilijua kama mtu anavyowajua watoto wake. Yale mawili ni ya shingo ya binti. Lile ni la shingo ya mdogo wake. Alipofika mwisho mwenyekiti akamuuliza shingo ndiyo nini.

Baba alimshika mkono. Mama akautoa.

"Mume wangu ananisitiri tu," alisema. "Hayakuwa ya kujengea. Yalikuwa ya kukimbia nayo. Kila mtu na anayoweza kubeba. Nimelala nimevaa viatu miaka yote hiyo, Mwenyekiti, na wewe unajua kwa nini, baba yako ndiye aliyetufungulia mlango." Akalinyooshea paa kidole. "Sasa nimeyatoboa. Mkisema tupande lori nitapanda, sitabishana na bunduki. Lakini kukimbia mimi sikimbii tena. Sina cha kukimbia nacho."

Mgambo wa pili, ambaye siku zote mbili hakuwa ametamka neno, alivua kofia akaipangusa matone ya mvua, akairudisha kichwani. Mwenyekiti alikaa kwenye kigoda alichokikataa jana, akafungua daftari juu ya goti. Akaandika jina la baba, la mama, la kwangu, la mdogo wangu. Kisha akauliza kama anavyoulizwa kila mtu: wakazi tangu lini?

Baba alifungua mdomo kusema sabini na mbili.

"Andika tangu jana," mama alisema.

Kalamu ilisimama. Nilikuwa nimesimama mbele ya goti lake, daftari limegeukia kwake, na nilikuwa najua kusoma maandishi yaliyopinduka. Alimtazama mama, akainama, akaandika 1972, akafunga daftari, akaaga kwa heshima, wakaondoka kuelekea nyumba iliyofuata. Malori yalipita wiki ile. Hayakusimama kwetu.

Wale watu walipokuwa bado barabarani, mama aliniita karibu. Hatukuwa tumesemezana tangu nilipomruka. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kana kwamba anaona haya kuuliza, mwenyekiti ameandika nini.

Nikamwambia ameandika tangu jana, kama alivyosema yeye.